Visanduku 744 vya tiki kwenye daftari la boti

Swali. Asalaam alaikum mwalimu. Mimi ni karani wa kikundi cha wavuvi hapa Amu, upande wa Langoni. Daftari la boti naliweka kwenye Excel: boti 24 kwa mistari, siku 31 kwa safu, kuanzia seli C5 mpaka AG28. Boti ikitoka kwenda baharini natia tiki kwenye kisanduku cha siku hiyo. Kila kisanduku nimekiandikia makro yake (maagizo mafupi ya VBA, lugha ya programu iliyo ndani ya Excel), inayopeleka 1 au 0 kwenye jedwali la pili huko chini, mfano hii:

```
Private Sub CheckBox214_Click()
    If CheckBox214.Value Then Range("AD61").Value = 1 Else Range("AD61").Value = 0
End Sub
```

Sasa faili ni zito, kufunguka ni kazi. Mwisho wa mwezi nina makro ya kuondoa tiki zote. Naibonyeza, naenda kuteleka chai, nikirudi skrini bado inametameta. Tena mwenzangu wa Mokowe amepata kompyuta mpya, anasema visanduku anaviona lakini havibonyezeki. Nimekosea wapi? Na nilitaka pia kuongeza orodha ya kuchagua aina ya samaki.

Jibu. Waalaikumu salaam, dada. Umefanya vyema kuileta hiyo makro, maana ugonjwa umeonekana kwenye mstari wake wa kwanza.

Excel ina koo mbili za vidhibiti, yaani visanduku, vitufe na orodha zinazowekwa juu ya laha (ukurasa wa Excel). Kuna vidhibiti vya fomu, vilivyokuwamo tangu Excel 5 ya mwaka 1993, ambavyo ni sehemu ya Excel yenyewe. Na kuna vya ActiveX, vilivyoingia na Excel 97, ambavyo ni viprogramu vya pembeni vilivyopandishwa juu ya laha. Kwa macho ni vigumu kuvitofautisha, na kwenye menyu ya Insert ya kichupo cha Developer vimepangwa juu na chini, kwa hiyo wengi huchukua chochote kilichotangulia mkononi. Makro inayoitwa `CheckBox214_Click` na kukaa ndani ya moduli ya laha (mahali pa kuandikia makro za laha hiyo) ni ya ActiveX. Ukitaka kuhakikisha, washa Design Mode, bonyeza kisanduku kimoja, kisha tazama upau wa fomula: utaona `=EMBED("Forms.CheckBox.1","")`.

Basi una viprogramu vidogo 744 kwenye laha moja. Kila faili linapofunguliwa, Excel inaviamsha vyote. Uzito unatoka hapo, wala si kwa wingi wa takwimu zako, ambazo ni kidogo sana.

Na habari ya Mokowe ni hiyo hiyo. Kuanzia Office 2024, na kwa watumiaji wa Microsoft 365 kwenye Windows kuanzia 2025, ActiveX imezimwa tangu kiwandani. Kisanduku kinaonekana kama picha, lakini hakisikii. Mwenzako anaweza kuiwasha kupitia Trust Center (mipangilio ya usalama ya Office), ila mimi namkataza: imezimwa kwa kuwa kwa miaka mingi ilikuwa mlango wa programu hasidi, na akiufungua kwa ajili ya daftari lako atakuwa ameufungulia kila faili litakalomjia. Isitoshe, ActiveX haifanyi kazi kwenye Mac, na hata kwenye Windows huwa na vituko: unganisha projekta tu, vitufe vinanenepa au vinasinyaa vyenyewe.

Sasa ile makro ya kuondoa tiki. Hukuileta, lakini nadhani inapita kisanduku kimoja kimoja ikiandika `False`. Kwa ActiveX, ukibadilisha thamani ya kisanduku kwa makro, kisanduku hudhani kimebonyezwa na kidole, kwa hiyo `_Click` yake nayo inaamka. Boti ikitoka siku ishirini mwezi wa kaskazi, hizo ni tiki ishirini kwa boti moja, zidisha mara 24. Kila tiki inayotoka inaendesha makro, makro inaandika seli, seli inaifanya Excel ipige hesabu upya na kuchora skrini. Huenda umeshajaribu kuweka `Application.EnableEvents = False` usione tofauti. Amri hiyo hunyamazisha matukio ya laha na kitabu (faili zima). Vidhibiti vya ActiveX havimo kwenye mamlaka yake.

Vidhibiti vya fomu havina tabia hiyo. Vikibadilishwa na makro vinakaa kimya. Makro yake huitwa pale tu mtu anapobonyeza.

Makro moja kwa visanduku vyote

Gati la Mokowe halina karani mmoja kwa kila boti. Karani ni yule yule, na boti ikifunga anauliza: wewe nani, unatoka wapi? Makro nayo iandikwe hivyo. Vidhibiti vya fomu vinaruhusu makro moja itundikwe kwenye visanduku vyote, na ndani yake `Application.Caller` inakupa jina la kilichobonyezwa. Ukishajua jina, `TopLeftCell` inakuambia kimekaa juu ya seli gani, na seli inakupa boti na siku.

```
Sub TikiImebonyezwa()
    Dim kisanduku As Shape
    If TypeName(Application.Caller) <> "String" Then Exit Sub
    Set kisanduku = ActiveSheet.Shapes(Application.Caller)
    Cells(kisanduku.TopLeftCell.Row, "AI").Value = Now
End Sub
```

Hapa makro inaandika tu saa ya mabadiliko ya mwisho kwenye safu ya AI, kwenye mstari wa boti husika. Ule mstari wa `TypeName` ni kwa siku utakayoiendesha kutoka kwenye dirisha la VBA kwa F5: hapo hakuna kisanduku kilichoita, na bila kinga hiyo itakufa kwa hitilafu.

Utaniuliza, na ile kazi ya kuandika 1 na 0 je? Haihitaji makro hata kidogo. Kidhibiti cha fomu kina sifa ya `LinkedCell`: kiunganishe na seli, nacho kitaiandika `TRUE` au `FALSE` chenyewe. Unganisho hilo linakwenda njia mbili, na faida kubwa iko kwenye njia ya pili, ambayo watu huisahau. Ukibadilisha seli, tiki inafuata. Kwa hiyo makro yako ya mwisho wa mwezi, ile ya kuteleka chai, inabaki mstari mmoja:

```
Range("C5:AG28").Value = False
```

Hakuna kuzunguka kisanduku kwa kisanduku. Seli 744 zinaandikwa kwa mkupuo na tiki zote zinaondoka. Kinachochosha makro nyingi ni safari za kwenda na kurudi kati ya VBA na laha, maana kila `Range(...).Value` ndani ya kitanzi (maagizo yanayojirudia) ni safari moja. Hesabu yenyewe huwa nyepesi. Ukiandika eneo zima mara moja, safari ni moja. Mtandaoni utaambiwa uanze kila makro kwa `ScreenUpdating = False` na `Calculation = xlCalculationManual`. Zinasaidia kweli, lakini ni dawa ya maumivu: punguza safari kwanza. Na ukizima hesabu halafu makro ikafa katikati, Excel inabaki bila kupiga hesabu, nawe unasoma jumla za jana ukidhani ni za leo. Mtu asiyejua kuweka `On Error GoTo` ya kuirudisha, bora asiiguse.

`.Select` na `.Activate` zifute popote unapozikuta. Zinaletwa na kinasa makro, nusu ya kule kumetameta kwa skrini ni zao.

Visanduku vyenyewe usivichore kwa mkono. Kisanduku kilichopitiliza kidogo tu juu ya mstari wa seli kitajibu kwamba kinakaa mstari wa juu yake, na saa itaandikwa kwa boti ya jirani. Tena ukikipa kisanduku jina kisha ukakinakili, nakala inabeba jina lile lile, na `Shapes("jina")` hukupa cha kwanza daima. Viache vizaliwe na makro:

```
Sub TengenezaVisanduku()
    Dim seli As Range
    Application.ScreenUpdating = False
    For Each seli In Range("C5:AG28")
        With ActiveSheet.CheckBoxes.Add(seli.Left, seli.Top + 1, seli.Width, seli.Height - 2)
            .Caption = ""
            .Name = "tk_" & seli.Address(False, False)
            .LinkedCell = seli.Address
            .OnAction = "TikiImebonyezwa"
        End With
    Next
    Range("C5:AG28").NumberFormat = ";;;"
    Application.ScreenUpdating = True
End Sub
```

Mstari wa `NumberFormat` unaficha maneno `TRUE` na `FALSE` yasionekane chini ya visanduku. Jumla ya siku za boti unaipata kwa `=COUNTIF(C5:AG5,TRUE)`. `CheckBoxes` huioni kwenye orodha ya msaada ya VBA kwa kuwa imefichwa tangu matoleo ya zamani, lakini ipo hai, na ni nyepesi kuliko kupekua `Shapes` zote ukiuliza kila moja ni ya aina gani. Siku ukitaka kuvibadilishia makro vyote, `ActiveSheet.CheckBoxes.OnAction = "JinaJipya"` inatosha.

Kama laha unailinda kwa nenosiri, seli zilizounganishwa na zile za safu ya AI ziwe zimefunguliwa kufuli, la sivyo kila tiki italeta onyo.

Lakini ningekuwa mimi

Ningeviondoa vyote. Hayo ya juu nimekupa kwa kuwa ndiyo uliyouliza, na yatakufaa kwenye laha yenye vidhibiti kumi au ishirini. Kwa 744, hata vya fomu ni mzigo: ukichuja orodha uone boti za mwenyewe mmoja tu, visanduku vya mistari iliyofichwa huweza kurundikana juu ya mstari unaoonekana, na hapo hujui unabonyeza cha nani.

Seli yenyewe inaweza kuwa kisanduku. Bonyeza kulia kwenye jina la laha, chagua View Code, weka hii:

```
Private Sub Worksheet_BeforeDoubleClick(ByVal Target As Range, Cancel As Boolean)
    If Intersect(Target, Range("C5:AG28")) Is Nothing Then Exit Sub
    Cancel = True
    If Target.Value = 1 Then
        Target.ClearContents
    Else
        Target.Value = 1
    End If
    Cells(Target.Row, "AI").Value = Now
End Sub
```

Bonyeza seli mara mbili, 1 inaingia. Mara mbili tena, inatoka. `Cancel = True` inaizuia Excel isifungue seli kwa kuandikwa. Ili ionekane tiki badala ya 1, chagua C5:AG28, ingia Format Cells, Custom, kisha andika `"✓";;` na umemaliza. Ndani ya seli bado ni 1, kwa hiyo jumla ni `=SUM(C5:AG5)` na lile jedwali la pili la huko chini halina kazi tena. Kasoro yake ni moja ya kujua: makro ikiandika kwenye laha, Excel husahau historia ya Ctrl+Z. Ukitia tiki pasipo, bonyeza tena uitoe, usitegemee kurudi nyuma.

Namba safi ndani ya seli zinakupa na mengine ambayo visanduku visingekupa. Weka mstari wa 3 maneno `bamvua` au `maji mafu` juu ya kila siku, halafu:

```
=SUMIF($C$3:$AG$3,"bamvua",C5:AG5)
```

Hapo unajua kila boti imetoka mara ngapi kwenye bamvua. Wazee wa kikundi watalitazama hilo kuliko jumla ya mwezi, hasa kusi ikishika na siku za kutoka zikawa za kuhesabika.

Toleo la Microsoft 365 limeleta, tangu 2024, visanduku vya tiki vilivyo ndani ya seli zenyewe, bila makro. Ni vizuri sana. Lakini kompyuta yenye Excel ya zamani itaonyesha `TRUE` na `FALSE` tupu, na kwa kuwa kikundi chenu kina kompyuta za umri tofauti, nisingeanza navyo leo.

Orodha ya samaki

Hapa kuna mtego ambao hauonekani mpaka pesa zimekosewa. Orodha kunjuzi ya vidhibiti vya fomu haiandiki jina kwenye seli iliyounganishwa, inaandika nafasi. Orodha yako ikiwa changu, kamba, nguru, pweza, tafi, ukichagua nguru seli inapata 3. Mwezi ujao mtu anaongeza kolekole, anaipanga kwa alfabeti baada ya kamba. Kuanzia dakika hiyo kila 3 ya zamani inasomeka kolekole, pweza wamekuwa nguru, tafi wamekuwa pweza, na bei zimefuata. Hakuna onyo lolote litakalotokea.

Kwa hiyo usiweke orodha kunjuzi 24. Tumia Data Validation, chagua List, elekeza kwenye safu ya majina iliyo laha nyingine. Hiyo huandika jina lenyewe, na bei unaivuta kwa `VLOOKUP` ukiweka `FALSE` mwishoni ili isikubali jina la kukaribiana. Haina makro, na inakubali kuchujwa na kupangwa.

Ikiwa baadaye utatengeneza fomu ya kujaza, yaani UserForm yenye dirisha lake, vidhibiti vya humo vina adabu zake. La kuanzia ni kutojaza orodha kwa `AddItem` ndani ya kitanzi. Ipe orodha (hapa inaitwa `cboSamaki`) safu nzima mara moja:

```
cboSamaki.List = Worksheets("Bei").Range("A2:A40").Value
```

Na huko ndiko inakofaa ile mbinu ya moduli ya darasa yenye `WithEvents`, ambapo darasa moja linasikiliza vidhibiti vingi. Ukifika hapo niandikie. Kwa daftari la boti ni bunduki ya kuulia nzi.

Namna ya kuhama

Nakili faili kwanza, ufanye kazi kwenye nakala. Takwimu zako tayari ziko kwenye jedwali la chini, C55 mpaka AG78, kwa hiyo huna haja ya kuvisoma visanduku ili kuzihamisha. Ila makro 744 zilizoandikwa kwa mkono zina uwezekano mkubwa wa kuwa na moja au mbili zinazoandika seli ya jirani. Zikague kabla ya kuhama:

```
Sub Kagua()
    Dim kk As Object
    For Each kk In ActiveSheet.OLEObjects
        If kk.progID = "Forms.CheckBox.1" Then
            If CBool(kk.TopLeftCell.Offset(50, 0).Value) <> kk.Object.Value Then
                kk.TopLeftCell.Interior.Color = vbYellow
            End If
        End If
    Next
End Sub
```

Seli itakayogeuka njano ina tiki isiyolingana na jedwali la chini, au kisanduku chake kimechorwa nje ya mstari. Zitazame kwa macho ukiwa na daftari la karatasi. Zikishanyooka:

```
Sub Hamia()
    Dim i As Long
    Range("C5:AG28").Value = Range("C55:AG78").Value
    For i = ActiveSheet.OLEObjects.Count To 1 Step -1
        If ActiveSheet.OLEObjects(i).progID = "Forms.CheckBox.1" Then ActiveSheet.OLEObjects(i).Delete
    Next
End Sub
```

Kitanzi kinahesabu kinyumenyume kwa makusudi: ukifuta cha kwanza, cha pili kinachukua namba yake, na ukienda mbele utaruka kimoja kila baada ya kimoja. Baada ya hapo ingia kwenye moduli ya laha ufute makro zote za `CheckBox`, ubakize ile ya kubonyeza mara mbili, kisha uhifadhi kama .xlsm.

Ukilituma Mokowe kwa barua pepe, mwenzako atakuta utepe mwekundu unaosema makro zimezuiwa. Tangu 2022 ndivyo Office inavyofanya kwa faili zilizotoka kwenye intaneti. Alihifadhi kwanza, abonyeze kulia juu ya faili, achague Properties, atie alama kwenye Unblock, kisha ndipo alifungue. Kwenye simu ataweza kulisoma na hata kuandika 1 kwa mkono, lakini kubonyeza mara mbili hakutaleta tiki, kwa kuwa Excel ya simu haiendeshi makro.